Chumvi ya Mama, Mashine ya Kaka

Mama alifika kwetu mwezi wa Septemba akiwa na mahindi kama kilo mbili ndani ya mfuko wa sukari. Hata kabla ya chai aliomba chupa ya glasi na chumvi. Alitaka kupima kama mahindi yamekauka. Unatia chumvi kavu ndani ya chupa kavu, unaongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, unafunga, unatikisa dakika chache, kisha unaacha yatulie robo saa. Chumvi ikianguka yote chini, mahindi yako tayari kwa ghala. Ikishika kwenye glasi, unyevu bado umepita asilimia 15 na ukiyafungia guniani utavuna kuvu.

Mke wangu akamletea kibakuli cha chumvi kutoka jikoni. Mama akachota kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na macho. Ilikuwa imeshikana bonge moja, na chini ya kibakuli kulikuwa na maji ya kutosha kulowesha kidole.

"Sasa mahindi nitayapimaje," akauliza, "na chumvi yenu yenyewe haijakauka?"

Tulicheka, tukamtuma mtoto dukani akalete pakiti nyingine. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba siku hiyo mama alikuwa amenisomea nyumba yangu. Chumvi ya kawaida huanza kujivutia maji kutoka hewani unyevu unapofika karibu asilimia 75. Chini ya hapo hukaa chembechembe. Kibakuli chetu kilikuwa kikisema kila siku, nasi dawa yetu ilikuwa kukianika juani na kukirudisha mahali pake.

Tunakaa Lurambi, pembeni mwa mji wa Kakamega. Kwa asiyepajua, mvua hapa hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka na haisubiri msimu. Asubuhi unaanika nguo kwenye jua zuri kabisa, saa nane wingu limefunga, saa tisa unakimbia na beseni. Nyumba ni ya mawe, vyumba vitatu, mabati juu. Mke wangu hushona nguo katika chumba cha nyuma. Huko ndiko shida ilikoanza kutugharimu pesa: majora ya vitambaa yakaota madoadoa meusi kwenye mikunjo, na siku moja mteja akanusa gauni alilokuja kuchukua, akalirudisha mezani bila kusema neno. Uvundo. Sisi wenyewe tulikuwa tumeuzoea hata hatuusikii. Viatu vyangu vyeusi vya ngozi, vya harusi na mazishi, nilivitoa kabatini vikiwa na manyoya ya kijani. Mtoto wetu wa pili alikuwa akikohoa usiku tu, mchana yuko mzima kabisa.

Kuhusu kupaka rangi juu ya kuvu sitasema mengi. Nilipaka mara tatu. Mara ya tatu nilitumia rangi ya mafuta, ghali, na ukuta ukatoa malengelenge kama mguu uliovaa kiatu kipya.

Kaka yangu mkubwa anaishi jimbo la Georgia, Marekani, ambako naye analalamikia joto la jasho. Siku moja kwa simu ya video akanishukisha chini ya nyumba yake, mahali pa kutambaa kati ya ardhi na sakafu, akanionyesha sanduku la chuma lenye ukubwa wa begi la safari. Mashine ya kukausha hewa ya nyumba nzima. Imeungwa kwenye mabomba ya hewa yanayopita kila chumba, ina mpira wa kumwaga maji nje, na ukutani kuna kitufe cha kuchagua kiwango. Yeye ameweka 50. Kule, Shirika la Mazingira la serikali yao hushauri unyevu wa ndani uwe chini ya asilimia 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50. Niliangalia lile sanduku kama mtu anavyoangalia gari la jirani.

Ndani yake hakuna maajabu. Ni friji iliyogeuzwa kazi. Feni inavuta hewa na kuipitisha kwenye mabomba baridi. Mvuke unageuka matone, kama soda ya baridi inavyotoa jasho mezani. Matone yanadondoka kwenye trei. Hewa hiyo iliyokaushwa inapitishwa kwenye mabomba ya moto ya mashine ileile, inatoka ikiwa kavu na yenye joto zaidi kuliko ilivyoingia.

Kaka alipobadilisha yake, ile ya zamani aliiweka kwenye kontena pamoja na vitu vya watu wengine. Ikafika Aprili, mvua ndefu zikiwa zimepamba moto. Plagi si ya kwetu, volti si za kwetu. Kwao ni 120, kwetu ni 240, kwa hiyo nikanunua transfoma nzito kama jiwe la kusagia. Baadaye fundi wa friji aliniambia jambo ambalo ningependa kulijua mapema: transfoma inashusha volti tu, mizunguko haiigusi. Stima ya Marekani hucheza mara 60 kwa sekunde, ya kwetu mara 50, na kompresa iliyotengenezewa 60 ikilishwa 50 huzunguka polepole na kupata joto zaidi. Yangu haijafa mpaka leo, lakini inanguruma kama paka asiyependa kushikwa. Anayenunua, anunue ya 240 na 50.

Mabomba ya hewa sina, wala sijui nyumba yoyote mtaani kwetu iliyo nayo. Nikaiweka kwenye korido, milango yote ya vyumba wazi, mpira nikauelekeza kwenye ndoo. Usiku huo sikulala vizuri kwa furaha. Kila nikiamka kwenda haja napitia ndoo. Tone, tone, tone, na kati ya matone uzi mwembamba wa maji. Kufikia jioni ya pili, saa ishirini na nne baadaye, nilikuwa nimemwaga lita 20. Maji masafi kwa macho, ingawa si ya kunywa. Mke wangu akayapigia deki. Watoto walialika wenzao waje waone baba yao anavyochota maji hewani.

Lakini nyumba ikawa na joto la Kisumu saa saba mchana. Nilidhani mashine imeharibika. Haikuwa hivyo. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto, na mvuke ukirudi kuwa maji hulirudisha lote. Joto lile lilikuwa humo hewani, limejificha ndani ya mvuke, na juu yake ongeza la stima yenyewe. Na stima! Mashine hula wati 600, yaani uniti 14 na kitu kwa siku. Nilinunua tokeni za shilingi 1,000 Jumatatu. Jumatano jioni mita ikaanza kupiga kelele.

Kipima unyevu nilikuwa nimenunua mjini, kidogo, cha kuweka juu ya kabati. Kilisema 62. Nikampigia kaka kwa majivuno: mbili tu zimebaki tuingie kwenye salama. Juma la tatu nikavitoa tena viatu kabatini. Manyoya ya kijani, yaleyale.

Kaka ndiye aliyeuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: "Hicho kipima chako, nani amekipima?" Akanielekeza. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, tia chumvi, dondoshea maji kidogo hadi iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka kifuniko hicho pamoja na kipima ndani ya kopo linalofunga vizuri. Acha usiku kucha. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyoloweshwa hivyo hutulia kwenye asilimia 75, mahali popote duniani. Asubuhi kipima changu kilionyesha 64.

Kwa hiyo 62 yangu ilikuwa 73. Mashine ilikuwa imekula tokeni majuma matatu kunifikisha pale pale chumvi inapoanza kulowana. Nilikaa jikoni na kile kikopo mkononi, nikamkumbuka mama na vidole vyake viwili.

Hapo ndipo nikachukua kalamu, maana mimi ni mwalimu na hesabu haziniogopeshi. Nyumba yetu ina hewa kama mita za ujazo 270. Kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 85, kila mita ya ujazo hubeba gramu 15 na nusu hivi za maji. Kwenye asilimia 50, gramu 9. Zidisha, toa: maji ya ziada katika hewa yote ya nyumba hayafiki lita 2. Na mimi siku ya kwanza nilimwaga 20. Zile 18 zilitoka wapi?

Fundi mzee anayetujengea mambo madogo madogo alikuja kuangalia malengelenge ya rangi, akaiona mashine inanguruma kwenye korido. Akainua macho juu ya dirisha la sebule. Kama nyumba nyingi za huku, kila dirisha letu lina matundu ya hewa juu yake, yasiyofungika, yenye wavu wa mbu. Akahesabu matundu kwa kidole, dirisha baada ya dirisha.

"Mwalimu," akasema, "unakausha Kakamega nzima."

Mashine ya kaka iliundiwa nyumba iliyozibwa kama friji, ambako hewa ya nje huingia kwa ruhusa. Yetu ilikuwa ikivuta hewa mpya kila saa, na mimi nikilipia kuikausha. Nilichofanya baada ya hapo sijivunii: niliziba matundu yote kwa katoni na utepe wa gundi. Siku ya pili kila mtu ana kichwa kizito, madirisha yanatiririka maji kwa ndani, na kipima kimepanda badala ya kushuka, kwa sababu sasa mvuke wetu wenyewe haukuwa na pa kutokea. Mke wangu alipotaja kuwasha jiko la makaa ndani kwa kuwa gesi imeisha, nilizing'oa katoni zote kabla hajamaliza sentensi. Makaa kwenye nyumba iliyozibwa hutoa monoksidi ya kaboni, haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Basi tukaanza kutafuta maji yanakotoka. Kazi hii ilinifurahisha kuliko mashine, na karibu yote haikugharimu kitu.

Kwanza karatasi ya nailoni. Unakata vipande vya nusu mita kwa nusu mita, unavibandika ukutani ukifunga pande zote nne kwa utepe wa gundi, unasubiri siku mbili. Ukikuta matone juu ya nailoni, upande wa chumbani, maji yanatoka hewani. Ukiyakuta nyuma yake, yanatoka ukutani. Ukuta wa chumba chetu cha kulala ulilowa juu. Wa chumba cha kushonea ulilowa nyuma, na pembeni mwa nailoni kulikuwa na unga mweupe uliotoka kwenye plasta. Fundi akaupangusa kwa kidole. "Chumvi," akasema. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia mawe, yanabeba chumvi za udongo na saruji, yakifika ndani yanakauka na kuiacha ukutani. Nikamwambia fundi kwamba mwaka huu chumvi imeniandama.

Tukatoka nje, nyuma ya chumba hicho. Hapo paa halikuwa na gata. Maji ya mabati yalikuwa yakianguka chini na kurukia ukuta. Na mimi mwenyewe, miaka miwili nyuma, nilikuwa nimelundika udongo mzuri pale nikapanda sukuma wiki. Fundi akachimba kwa jembe kando ya ukuta. Alipofika kina cha vidole vinne tukaiona dipisi, ule utepe mweusi unaolazwa juu ya msingi kuzuia maji ya ardhini yasipande. Ilikuwa chini ya udongo wangu. Maji hayakuwa na haja ya kupita kwenye utepe. Nilikuwa nimeyajengea daraja la kuuruka. Sukuma zile zilikuwa tamu, lakini.

Tuliondoa udongo, tukatia kokoto, tukafunga gata na kuelekeza maji kwenye tangi. Plasta iliyooza tukaibandua tukaacha mawe wazi miezi miwili yapumue. Mke wangu hakupenda kuwakaribisha wateja kwenye chumba kilichochunwa ngozi, na alikuwa na haki.

Chumba cha kulala kilikuwa kesi nyingine. Huko hewa ndiyo iliyokuwa na maji, na hewa tuliilowesha sisi. Nilikuwa na mizani ya kuning'iniza. Siku moja ya mvua nikapima beseni la nguo zilizokamuliwa kwa mkono kabla hazijaanikwa kwenye kamba ya korido: kilo 9 na gramu 400. Kesho yake zilezile, kavu: kilo 6 na gramu 100. Lita 3 na zaidi, zimeingia kwenye kuta na magodoro yetu kwa usiku mmoja, na tulikuwa tukifua mara nne kwa wiki. Gesi nayo ilinishangaza. Kilo moja ya gesi ya kupikia ikiungua hutoa kilo moja na nusu na zaidi ya maji, kwa sababu haidrojeni iliyomo hushikana na oksijeni. Mtungi wa kilo 6 unamwaga jikoni lita 9 na kitu kabla haujaisha. Inasikika nyingi, lakini mtungi wetu hukaa wiki tano. Sufuria ya maharagwe inayochemka wazi saa mbili ina makosa zaidi. Tukaanza kufunika sufuria, nguo tukazihamishia kwenye veranda chini ya mabati, na mlango wa jikoni ukawa unafungwa wakati wa kupika huku dirisha lake likiwa wazi.

Jambo moja lilinibidi nilihesabu mara mbili kabla ya kuliamini. Sisi sote tulikuwa tukifungua madirisha mchana na kuyafunga alfajiri kwa sababu "nje kuna umande". Alfajiri nje ni nyuzi 14 na unyevu, kipima kikisharekebishwa, ni 95. Lakini hewa baridi hubeba maji machache: gramu 11 na nusu kwa mita ya ujazo, wakati ndani tunazo 15 na nusu. Hewa hiyo ikiingia na kupata joto la nyumba, unyevu wake unashuka hadi 61 hivi. Tangu hapo nafungua madirisha saa kumi na mbili asubuhi, robo saa, watoto wakilalamika kwa baridi. Kabati la viatu nimelisogeza kutoka ukuta wa nje, kiganja kipite nyuma yake.

Kufikia Agosti kipima, baada ya kukiongezea zile 11 zake, kilikuwa kikizunguka kati ya 60 na 66. Si 50 ya kaka. Kona ya bafu bado hufanya weusi kila mvua ikikaza na mimi huifuta. Kikohozi cha usiku kimepungua sana, na chumvi jikoni inamwagika ukiinamisha kopo. Mashine nikaihamishia chumba cha kushonea, ambacho ni kidogo, na hapo nilikuwa nimeweka vifuniko vya mbao vya kufunga na kufungua kwenye matundu yake mawili. Ikiwashwa kwa muda wa saa mbili kila jioni, baada ya kazi, mlango ukifungwa, inatosha. Hakuna jiko humo wala mtu wa kulala.

Septemba iliyofuata mama alipiga simu kutoka Malava. Mvua ilikuwa imegoma kuacha, gunia tatu zilikuwa zimepukuchuliwa na zinaanza kupata joto zikishikwa kwa mkono. Bodi ya Nafaka haipokei mahindi yaliyozidi asilimia 13 na nusu, ila yeye hakuwaza kuuza; aliogopa sumukuvu, kwa sababu yalikuwa ya kuliwa na wajukuu. "Ile friji yenu ya hewa," akauliza, "inajua mahindi?"

Mke wangu akasogeza cherehani. Tukatandika turubai chumba kizima, mahindi unene wa vidole viwili, tukafunga vifuniko na mlango. Watoto wakapewa kazi ya kuyageuza asubuhi na jioni kwa reki. Kwa siku nne ndoo ilitoa lita 17, na kwa mara ya kwanza nilijua kila tone limetoka wapi.

Siku ya nne mama akaja mwenyewe. Hakutazama mashine. Akaomba chupa, akaomba chumvi, akaichota kwa vidole viwili, safari hii hakusema kitu. Akatikisa, akaweka chupa mezani, akanywa chai yake yote bila haraka. Kisha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Glasi ilikuwa safi juu hadi chini.

"Kukhu, yamekauka?" mtoto akamuuliza bibi yake.

"Yamekauka." Akanigeukia. "Na stima imekula pesa ngapi?"

Nikamwambia, karibu 1,700. Akazungusha chupa polepole mkononi, kisha akamuuliza mke wangu kama anajua bei ya turubai siku hizi.